Sensa ya eaflo: isafishe kabla hujainunua

Kama gari lako limeanza kuvuta kwa shida, ukikanyaga mafuta linasita kwanza ndipo linaitika, taa ya injini imewaka na fundi ameshakutajia bei ya eaflo mpya, yaani sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini, naomba usitoe hela leo. Isafishe kwanza. Kopo la dawa ya kusafishia halifiki hata robo ya bei ya sensa mpya, na kuna njia ya bei ndogo kuliko hilo kopo, nitaifikia. Inaniuma kuona wenzangu wenye magari ya kazi wanabadilishiwa kifaa kizima wakati kilichohitajika ni kukiosha na kuziba mahali vumbi linapoingilia.

Mimi nasambaza mayai. Natoka Muriet, hapa Arusha, alfajiri na Toyota Probox, nyuma trei zimepangwa hadi karibu na dari, napita Njiro na Kijenge, napanda Ilboru kwa njia ya Sanawari, kisha nateremkia Sakina. Mayai hayataki gari la kushtukashtuka. Uko katikati ya kilima, unakanyaga, gari linanyamaza kidogo halafu linaruka: trei zinasogea nyuma na zile za chini unazisikia zikilalamika. Hivyo ndivyo langu lilivyoanza. Kwenye tambarare lilikuwa zima kabisa, ubovu ulijitokeza kwenye kupanda na mzigo ukiwamo. Baadaye sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, nayo ikawa inapanda na kushuka nikiwa kwenye foleni ya kipilefti cha Impala, na mwisho taa ya injini ikawaka.

Maelezo ya kwanza niliyopewa yalikuwa ya mwinuko. "Mama, Arusha hewa nyepesi. Injini ya lita 1.5 na mzigo huo lazima ichoke." Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na siidharau. Mji wetu uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini yetu kwa mita kama 500 au 600, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 inazopanda. Kila anayesafiri njia hii anajua kwamba gari likishafika Moshi linakuwa jepesi kidogo mguuni. Lakini Mlima Meru haujasogea. Nimelitumia gari hilihili kwenye kilima hikihiki cha Ilboru, kwa mzigo uleule, na lilikuwa linapanda. Mwinuko haubadiliki kati ya msimu mmoja na mwingine, kwa hiyo kilichobadilika kiko ndani ya gari.

Isitoshe, sensa yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya hali kama hii. Ndani yake kuna waya mwembamba sana wa platinamu, mwembamba kiasi kwamba ukiutazama bila kuinamia vizuri huuoni. Umeme unaupasha moto ili ubaki na joto la juu kuliko hewa inayoingia, kwa tofauti ileile wakati wote. Hewa ikipita inaupoza. Ikipita nyingi, unapoa zaidi, na umeme zaidi unahitajika kuurudishia joto lake. Kompyuta ya gari inasoma umeme huo na kujua ni gramu ngapi za hewa zimeingia kwa sekunde, kisha inapima petroli ya kulingana nazo. Kwa kuwa inahesabu uzito na si ujazo, hewa ikiwa nyepesi huku juu inajua yenyewe na kupunguza petroli. Pembeni ya waya huo kuna kitone kidogo kinachopima joto la hewa inayoingia.

Vumbi likiushika ule waya linakuwa kama blanketi. Hewa inapita nyingi, waya haupoi inavyopaswa, kompyuta inaamini hewa ni kidogo, inatoa petroli kidogo. Silinda zinapata hewa nyingi na mafuta haba, na hapo ndipo kusita kunapotoka. Kwenye sailensa hewa ni chache hata hivyo, kosa linafichika. Ukipanda na kukanyaga, kosa linakua pamoja na hewa. Ndiyo maana tambarare nilikuwa sijui kama nina gari bovu.

Gereji ya kwanza waliunganisha mashine, ikatoa namba P0171. Kijana akafuta mikono na kuniambia, "Mama, eaflo imekufa. Mpya ni 280,000."

"Umeipima, mwanangu?"

"Mashine imeshasema, mama."

Mashine haikusema hivyo. P0171 maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, na kompyuta imeongeza petroli hadi ikafika kikomo chake cha kuongeza. Haitaji mkosaji. Anaweza kuwa eaflo chafu. Anaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka baada ya sensa, hewa ikaingia bila kupimwa. Anaweza kuwa pampu ya mafuta iliyochoka au nozeli zilizoziba. Namba zinazoelekeza kwenye sensa yenyewe na waya zake ni nyingine: P0100, P0101, P0102 na P0103. P0102 inamaanisha ishara iko chini mno, mara nyingi waya umekatika au plagi ya sensa haijashika, na P0103 ishara iko juu mno. Na hata ukikuta hizo, plagi na waya vikaguliwe kabla ya kununua chochote.

Nikaamua kupima mwenyewe. Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachotuma taarifa kwenye simu kwa Bluetooth; changu nilikinunua 25,000. Angalizo kwa wenye magari yaliyokuja kutoka Japani, hasa ya miaka ya mwanzo ya 2000: si kila kifaa cha bei hiyo kinaelewana na kompyuta zake, na programu nyingine mpaka uchague aina ya gari kwenye mipangilio. Jaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa.

Vitu vya kutazama ni vitatu tu. Hewa, iliyoandikwa MAF, kwa gramu kwa sekunde. Halafu asilimia mbili za marekebisho ya petroli: STFT ya papo hapo, na LTFT ambayo kompyuta imejifunza kwa muda mrefu. Gari zima huwa na LTFT karibu na sifuri, ikicheza juu au chini kidogo. Ikivuka 10 kwenda juu, kompyuta inahangaika. Yangu kwenye sailensa ilikuwa 6. Nikashikilia injini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, ikapanda hadi 17. Mwelekeo huo una maana kubwa. Kama hewa ya wizi ingekuwa inaingia kwenye mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi, asilimia ingekuwa kubwa kwenye sailensa na kushuka injini ikienda kasi, kwa sababu hewa ya wizi ni ileile wakati hewa halali inaongezeka. Yangu ilipanda pamoja na injini. Waliobaki ni wawili: eaflo au upande wa petroli.

Kuwatenganisha hao wawili nilisaidiwa na binti yangu, yuko kidato cha 5 anasoma PCM. Aliniuliza swali ambalo hakuna gereji iliyoniuliza: "Mama, hii namba ya hewa inatakiwa iwe ngapi?" Tukakaa mezani na karatasi. Injini ya mapigo 4 hujaza kila silinda mara 1 kwa kila mizunguko 2. Kwa hiyo ikiwa kwenye mizunguko 4,000, inavuta ujazo wake wote mara 2,000 kwa dakika. Lita 1.5 mara 2,000 ni lita 3,000 kwa dakika, yaani lita 50 kwa sekunde. Hewa ya Arusha kwa joto la nyuzi 22 hivi ina uzito wa gramu 1 kwa lita, na chenji ndogo. Kule Dar es Salaam inakaribia gramu 1.2. Silinda hazijai kabisa, tukasema asilimia 80 hadi 90. Jibu likawa gramu 40 hadi 45 kwa sekunde, mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka chini. Hesabu ya nusu ukurasa, na unaweza kuirudia kwa gari lako kwa kubadilisha lita tu.

Tulikwenda kupima barabara ya baipasi asubuhi ya Jumapili, bila mzigo, kwenye kipande cha kupanda ambacho gari likiwa gia ya 2 linafika mizunguko hiyo bila mwendo wa hatari. Mimi nilitazama barabara, yeye alitazama simu. Tafadhali usijaribu kufanya yote mawili peke yako. Akasoma 30.

Hapo picha ikakamilika, na naomba uishike sehemu hii kwa sababu ndiyo inayookoa hela. Namba ya hewa iko chini ya hesabu na LTFT iko juu: sensa inadanganya. Namba ya hewa iko chini lakini LTFT ni ya kawaida: sensa inasema kweli, injini ndiyo haipumui, tazama filta iliyoziba au ekzosi iliyoziba. Namba ya hewa inalingana na hesabu lakini LTFT iko juu: iache sensa, pima presha ya mafuta. Kwa injini ya 1NZ-FE kama yangu presha hiyo inatakiwa iwe kilopaskali 304 hadi 343. Langu lilikuwa kundi la kwanza.

Kuitoa ni kazi ndogo. Kwenye Toyota nyingi za aina hii imekaa kwenye boksi la ea klina, lile lenye filta ya hewa, au kwenye bomba linalotoka humo, ina plagi ya waya 5 na skrubu 2 za nyota. Zima gari, toa ufunguo, subiri injini ipoe. Bonyeza klipu ya plagi ndipo uvute, na uvute plagi, si waya; plastiki iliyokaa miaka kwenye joto inavunjika kama biskuti ukiilazimisha. Skrubu zinataka bisibisi inayojaa kabisa kwenye kichwa chake, la sivyo utakula vichwa na kazi ya dakika 5 itakuwa ya kutwa. Ukivuta sensa itoke wima, utaona ina mpira wa duara shingoni. Uutunze. Ukipotea au ukikatika, hewa ya wizi itaingia hapohapo.

Niliipeleka juani, nikaipiga picha kwa simu na kuikuza. Kile kitone cha joto kilichoning'inia nje kilikuwa kimeota manyoya ya kijivu, kama ukungu kwenye mkate. Pembeni yake kuna tundu dogo, upana wa kidole kidogo cha mtoto, hewa inakopita kwenda kwenye waya wenyewe. Ndani ya tundu, kwenye mwanga, waya haukuwa unang'aa. Ulikuwa mweusi, mnene kuliko unavyotakiwa, na unyuzi mmoja wa karatasi umeulalia katikati. Watu wengi huosha kile kitone cha nje kwa sababu ndicho kinachoonekana, wanarudisha, gari linabaki vilevile, wanasema kusafisha hakusaidii. Dawa lazima ifike kwenye lile tundu, pande zote mbili.

Sasa dawa. Iliyo sahihi ni ile iliyoandikwa kwamba ni ya sensa ya MAF. CRC wanatengeneza moja inayojulikana sana, ya kupuliza, inayokauka bila kuacha mabaki. Kopo niliona kwa 30,000 kwenye duka la spea na linatosha kusafisha sensa nyingi, mnaweza kuchangishana majirani. Njia ya bei ndogo niliyoahidi ni pombe ya isopropili ya asilimia 99, ile ambayo mafundi simu hutumia kusafishia bodi. Nilikwenda kwa mmoja wao mtaani, akadhani nimeleta simu iliyoingia maji.

"Nahitaji ile spiriti yako ya kusafishia, mwanangu. Ni ya sensa ya gari."

"Ya gari? Basi ngoja nikupe ile safi, mama. Ile nyingine nimeshaichanganya."

Akanijazia chupa ndogo ya kupuliza kwa 6,000. Uliza kama ni ya 99. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa ni ya 70, sehemu iliyobaki ni maji, inakauka polepole. Kingine: inashika moto haraka sana na mvuke wake pia. Fanyia nje, mbali na jiko na sigara, na usiwashe gari mpaka sensa imekauka.

Vitu vya kukataa hata kama fundi anavyo mkononi: dawa ya kusafishia kabureta, dawa ya breki, petroli, WD-40 ya kawaida. Baadhi hula plastiki na gundi iliyoshika waya, nyingine huacha mafuta ambayo kesho yatakamata vumbi zaidi ya jana. Usiguse kwa pamba, brashi wala kona ya kitambaa. Waya ule haubebi hata mguso huo. Na usiupulizie upepo wa kompresa. Upepo wa kompresa ndio unaoua sensa ambazo vumbi halikuziua.

Nilipuliza mara kadhaa ndani ya tundu, nikageuza, nikapuliza upande wa pili, nikaachia dawa idondoke yenyewe. Matone ya kwanza yalitoka na rangi ya chai. Nikaendelea mpaka yakatoka meupe. Kisha nikaiacha juani juu ya kitambaa safi nikaenda kulisha kuku, na kurudisha ni kwa njia ileile. Nilifuta namba ya hitilafu kwa simu ili kompyuta isahau marekebisho ya zamani na kuanza kujifunza upya. Usipofuta, gari linaweza kuendelea kwa muda na petroli ya ziada isiyohitajika tena.

Kwenye baipasi, kipande kilekile, binti yangu akasoma 42. LTFT ilitulia kwenye 3, na imekaa hapo. Kuhusu mafuta, matumizi ya mjini hayakubadilika kwa kiasi cha kukutangazia. Atakayekuambia kusafisha sensa kutakupunguzia petroli nusu kwa nusu, usimsikilize. Kilichorudi ni mvuto. Napanda Ilboru bila trei kulalamika.

Kazi muhimu kuliko zote, na ambayo hakuna aliyenitajia gereji, ni kujua vumbi lilipitia wapi. Waya ulio nyuma ya filta nzima haupaswi kuota manyoya. Udongo wetu ni wa volkano ya Meru, ukikauka unakuwa unga laini mweusi unaoelea hewani muda mrefu baada ya lori kupita, na sisi wa Muriet, Kwa Mrombo na Olasiti tunaujua Januari na Februari, na tena kuanzia Juni mpaka mvua za vuli. Unga huo hauhitaji mlango, ufa unautosha.

Nilifungua boksi la ea klina na kupitisha kitambaa cheupe upande wa ndani, ule wa baada ya filta. Kikatoka cheusi. Jibu lilikuwa hapo. Filta iliyokuwa ndani ilikuwa fupi kidogo kuliko boksi, kona moja mpira wake haukufika ukutani, na klipu moja ya mfuniko ilikuwa imekatika, mfuniko umeinuka upana wa kucha. Karatasi yenyewe nilipoishika kuelekea jua niliona vitobo kama vya sindano. Hivyo vinatokana na kupuliziwa upepo. Ukienda kuosha gari, kijana kwa nia njema kabisa anatoa filta na kuipiga kompresa kwa nguvu zote, vumbi linatoka kweli, na karatasi inapasuka. Nyuzi zinazong'oka ndizo zile zinazokwenda kulalia waya. Mimi sasa nawaambia mapema: boneti lisifunguliwe. Filta ya karatasi ikichafuka nakung'uta taratibu kwa mkono, ikizidi nanunua nyingine. Kwa barabara zetu sisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu, naitazama kila nikibadilisha oili.

Filta mpya nilinunua kwa kupeleka ya zamani na vipimo vya boksi lenyewe, nikaijaribisha palepale dukani kwa kubana mfuniko na kukagua kona zote 4. Klipu iliyokatika nilipata kwenye boksi la zamani pale eneo la Unga Limited kwa bei ya soda. Zile filta za pamba zinazopakwa mafuta, ambazo vijana wa magari ya mbio wanazipenda, kwa gari lenye eaflo ni za kuangalia sana: ukizidisha mafuta yanavutwa mpaka kwenye waya na vumbi linapata gundi. Ukibana klempu za mpira wa hewa, ukunje na mpira wenyewe ukitazama ndani ya mikunjo. Nyufa hujificha humo.

Je, kama kusafisha hakukusaidia? Inatokea. Waya ukishakatika au saketi ya ndani ikiharibika, hakuna dawa ya kuifufua. Hapo ushauri wangu ni sensa halisi iliyotumika, iliyotoka kwenye gari lililokatwa Japani, kuliko mpya ya bei ya kutupa. Sensa mpya halisi ya Denso, ambao ndio wanaoitengenezea Toyota, ina bei yake inayoeleweka. Ukiona boksi jipya lenye jina hilo kwa 40,000, maandishi yamefifia na namba haijachorwa bali imebandikwa, ujue unachonunua. Bandia huwa inasoma, lakini inasoma vibaya, na kompyuta inaiamini. Nililinganishiwa moja kwenye gari la jirani, sailensa ilionyesha gramu 4 kwa sekunde kwa injini inayotakiwa kuwa na 2 hivi.

Nunua kwa namba, usinunue kwa sura. Sensa za Toyota zinafanana kwa umbo na plagi inaingia, lakini kipimo cha ndani kinaweza kuwa tofauti na namba ndiyo inayosema. Namba imeandikwa kwenye plastiki yenyewe. Yangu ni 22204-22010, namba utakayoikuta kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo. Iandike kabla hujatoka nyumbani. Na usiwaulize wauzaji "eaflo ya Probox ipo?", utapewa yoyote iliyo karibu na mkono. Wataje namba. Pia hakikisha gari lako linayo. Baadhi ya Toyota za zamani hazina eaflo kabisa, zinapima mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi, na nimesikia mtu akiuziwa.

Unga Limited niliulizia ya akiba, bei zikawa kati ya 45,000 na 60,000 kwa iliyotumika yenye namba yangu. Kabla ya kulipa, omba multimita; maduka mengi yanayo, na wasipokuwa nayo fundi umeme wa jirani anayo. Pima ukinzani wa ile sehemu ya joto, kati ya pini mbili za plagi zinazoitwa THA na E2: kwa joto la nyuzi 20 inatakiwa kilo-omu 2.2 hadi 2.7, na ukiishika kwenye kiganja ikapata joto namba inashuka. Isiposhuka, irudishe kwenye kabati. Halafu itazame kwenye mwanga kama nilivyoeleza, waya uwe mzima na lile tundu lisiwe na alama ya kuchokonolewa.

Multimita haipimi waya wa moto ukifanya kazi, kwa hiyo patana na muuzaji kabisa: nafunga hapahapa nje, nawasha, natazama simu. Injini ya lita 1.5 ikiwa imepata moto na kiyoyozi kimezimwa, gramu 2 hivi kwenye sailensa, ikipanda taratibu unapokanyaga bila kurukaruka. Ikikubali unalipa, ikikataa unairudisha ikiwa haina mkwaruzo. Muuzaji niliyekwenda kwake alikubali bila ubishi, na yule wa duka la pili aliyekataa nilimshukuru na kuondoka.